Nailoni ya Kiti cha Nyuma

Kwenye mashindano, gari letu lilikuwa linazima kwenye kona moja tu. Ile ya kushoto, ndefu, inayoanza baada ya jukwaa la watazamaji na haitaki kuisha. Kwenye sehemu iliyonyooka hakuna wa kulisogelea, lakini likiingia pale na kulala upande, katikati ya kona linakohoa, linakata, na wale waliokuwa wanakula vumbi lake wanampita mume wangu mmoja mmoja. Watu wakaanza kusema amerogwa. Nikawaambia hakuna cha kurogwa wala nini, mafuta yanamkimbia.

Ndivyo ilivyo. Beba maji kwenye beseni, kata kona ghafla, uone yanakwenda wapi. Tangi likiwa nusu, kwenye kona ndefu mafuta yote yanahamia upande mmoja, pampu inabaki kuvuta hewa, na injini yenye nguvu kama ile haiwezi kuishi kwa hewa.

Dawa yake naijua. Unaongeza kitangi kidogo. Pampu ya kwanza inatoa mafuta kwenye tangi kubwa na kukijaza muda wote, na pampu ya pili, kubwa zaidi, inavuta humo na kupeleka kwenye injini. Kona iwe ndefu vipi, kitangi kina akiba yake. Unabadilisha na mipira ya mafuta, maana ile ya zamani ni myembamba, na unafunga nozeli zinazomwaga zaidi. Hiyo ndiyo kazi yangu. Mume wangu ni fundi wa injini, mimi ni wa mafuta, na gereji ni yetu sote wawili. Wenzetu wananiita Mama Pampu.

Jina hilo nilipewa na jirani wa gereji ya pili, mzee mmoja tunayemwita Spana. Mwanamke wa umri wangu lazima awe mama wa mtu, na kwa kuwa sina mtu, akaona anipe pampu. Hakuwa na nia mbaya. Nilicheka siku ile, na jina likaganda.

Basi tukaanza kazi. Mume wangu akainama ndani ya gari, akaweka mkono juu ya kiti cha nyuma.

"Kitangi tutakiweka hapa," akasema. "Kiti kinatoka."

Alisema kama mtu anayeomba bisibisi.

Sasa lazima nieleze habari ya kiti hiki. Tuliponunua gari, kiti cha nyuma kilikuwa kimechanika, sponji iko nje. Nilikuwa na mimba ya kwanza. Ni yeye aliyekibeba hadi kwa fundi wa viti, akachagua kitambaa mwenyewe, kijivu, kisichoonyesha uchafu, maana watoto, alisema, hawana mikono misafi. Fundi akakifunika kwa nailoni. Mume wangu akamwambia aiache hivyo hivyo. "Nailoni ataitoa mwenyewe." Mwenyewe ni yule aliyekuwa tumboni.

Mimba ikatoka. Ikaja nyingine, ikatoka. Ya tatu ilikaa mpaka nikaanza kuzoea mateke yake, halafu nikarudi nyumbani mikono mitupu, maziwa yakinitoka. Nailoni ikabaki pale pale. Hakuna aliyewahi kukalia kiti kile. Mama mkwe mwenyewe, siku nilipompeleka hospitali, alikaa mbele. Spana akiomba lifti na wenzake, tunawaambia gari lina viti viwili tu.

Kwa hiyo mtu akisema kiti kinatoka, mimi nasikia kitu kingine kabisa.

"Kitangi kinaingia kwenye buti," nikamwambia.

"Buti dogo."

"Umepima?"

Nikachukua tepu nikapima mbele yake, upana na kina, kisha nikakiingiza chenyewe. Kilienea, na nafasi ya kupitisha mkono ikabaki. Aliangalia, akajifuta mikono kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono yenyewe, akasema haya, sawa.

Ile kazi niliifanya kama sijawahi kufanya kazi. Mfuniko wa pampu ya ndani ya tangi uko chini ya kiti cha nyuma, kwa hiyo ilibidi nikinyanyue. Nilikinyanyua kwa mikono miwili, nikakiegemeza ukutani juu ya magazeti, nikamaliza, nikakirudisha. Hakikuchubuka. Mipira mipya niliipitisha mbali na ekzosi, nikakaza kila kibano, nikarudia kukaza. Kisha nikawasha pampu peke yake, nikalala chini ya gari na tochi nikitafuta tone. Hapakuwa na tone. Presha ilipanda kwenye geji ikatulia.

Siku ya majaribio nilikwenda kusimama kwenye kona ile ile. Gari likaja, likalala, mimi nimebana pumzi. Likapita linanguruma bila kukohoa. Likazunguka, likarudi, likapita tena, safi. Lilipokuja kusimama pembeni Spana alikuwa karibu yangu, kofia mkononi, anafurahi kama gari ni lake.

"Mama Pampu," akasema, na kila mtu akasikia, "sasa si pampu moja tena. Umejifungua mapacha."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mume wangu alikuwa ndani ya gari, kioo kimeshushwa, na amesikia vizuri. Akapandisha kioo. Hicho kioo kiliniuma kuliko maneno ya Spana.

Kesho yake nilifika gereji nikakuta kiti kiko sakafuni. Amekifungua peke yake, kabla sijafika. Kitangi kilikuwa kwenye buti nilipokifunga, na nyuma ya kiti cha dereva pamebaki bati tupu na matundu ya boliti.

"Kitangi kiko kwenye buti," nikasema.

"Nakiona."

"Sasa kiti kimekukosea nini?"

"Uzito."

"Uzito. Basi ungeanza na kitambi chako."

Siku nyingine angenirudishia, kwa utani huwa hashindwi. Hakunirudishia. Aliendelea kupanga boliti kwenye kopo, zile ndefu huku, zile fupi kule.

"Wifi yako anakuja kukichukua," akasema. "Cha kwake watoto wamekimaliza."

"Umempa bila kuniuliza."

"Ningekuuliza nini?"

"Kama tumemaliza kusubiri. Hilo ndilo la kuniuliza. Tuliingia wawili, baba. Huwezi kutoka peke yako halafu mimi nije kujua kwa kuona boliti ndani ya kopo."

Akaacha boliti.

"Mimi sitaki tena," akasema. "Sitaki kukaa tena kwenye lile benchi la hospitali. Mara ya mwisho madaktari walitoka wakaniuliza ndugu zako wako wapi, waitwe. Nikajua maana yake. Sikukwambia. Mtoto sikuwahi kumjua, mke wangu. Wewe nakujua."

Nilipaswa kumhurumia. Nilimpenda pale kuliko siku zote, na bado nikashindwa kumhurumia, kwa sababu hasira ilishatangulia.

"Wewe hukuwahi kumsubiri," nikamwambia. "Aliyesubiri hulia. Mimi nimelia mpaka sauti imekauka. Wewe sijawahi kuona hata tone."

Yalikuwa maneno mabaya, na niliyatuma yakaume. Alichukua kopo lake akaenda kuinama kwenye injini, na hatukusemeshana tena mpaka wifi alipofika.

Wifi yangu ana watoto wanne na mdomo unaowatosha wote. Alishuka kwenye gari lake akiongea, akatusalimu akiongea, akakizunguka kiti akikipapasa.

"Wifi, jamani," akasema. "Mbona hiki hakijakaliwa hata siku moja? Nailoni yake hii hapa. Mlikuwa mnamtunzia nani?"

Hakuwa na ubaya. Mimba alizijua zote, na ile ya tatu alikuja akakaa nami mpaka nikaweza kusimama. Habari ya nailoni hakuijua mtu, ilikuwa ya kwetu wawili. Nikamwangalia mume wangu mgongoni, nikasema moyoni, hilo ni lako, lijibu.

Akageuka.

"Mwenyewe," akasema.

"Mwenyewe nani?"

"Mwenyewe. Ndiye alikuwa aje aitoe."

Mume wangu akaja akapiga magoti mbele ya kiti, akatafuta ncha ya nailoni pale ilipokunjiwa kwa chini. Mikono ile inafungua injini bila kuangalia, lakini ncha ya nailoni ilimshinda. Ilikuwa inamteleza, anaitafuta tena, inamteleza. Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, paji la uso limelala juu ya kiti, na nikaelewa kwamba kilio kile hakikuwa cha siku ile, kilikuwa na miaka yake yote.

Nikapiga magoti upande wa pili. Nikaipata ncha, nikamshikisha.

"Polepole," nikamwambia. "Usichane kitambaa."

Tukaivuta pamoja. Chini yake kilikuwa kijivu kile kile alichokichagua, na bado kilikuwa kinanukia kama kilivyotoka dukani.