Koo la Bibi Fundi

"Mimi nampima mtu kwa jicho tu, sikosei hata nusu inchi," Bibi Fundi alimwambia dereva wa lori aliyekaa naye darasani. Kisha akajikuna shingo. "Ukiacha lile gauni la wifi yangu. Hilo sasa analivaa binti yake, tena kwa kujibana."

Hayo aliyasema kwa lugha yake, na kwa lugha yake hakuna aliyemweza. Ile ya pili, lugha ya nchi anakokulia mjukuu wake, ndiyo iliyomfunga mdomo. Mjukuu wa miaka sita alikuwa anakuja Jumapili. Safari iliyopita walizungumza kwa mikono siku kumi nzima, na siku ya kuondoka mtoto akamuuliza baba yake kama bibi ni bubu. Mwanawe alicheka alipomtafsiria. Yeye hakucheka. Aliposikia wanakuja tena, akajiandikisha darasani.

Lakini kila zamu yake ilipofika, alishika skafu aliyojiviringisha shingoni, akanong'ona, "Koo, mwalimu." Wiki ya tatu sasa! Alikuwa hajasahau darasa la nne: neno moja la kigeni alilikosea, akasimamishwa juu ya dawati hadi kengele ya kurudi nyumbani, wenzake wakimzomea.

Mwalimu huyu, binti mdogo tu, hakuwa wa hivyo. Alipanga viti duara akakaa nao. Aliyekosea hakukatizwa, alirudishiwa maneno yake yakiwa yamenyooshwa, polepole, kama mtu anayepewa maji ya kunywa.

"Pole na koo, Bibi," akasema siku hiyo. "Basi leo usiseme. Mimi nataka gauni, nipime tu." Akasimama katikati ya duara.

Kupima si kusema. Bibi Fundi akaivua skafu, akaitupa kitini, akavuta futi iliyokuwa shingoni tangu alipoamka. Mabega, sawa. Kifua, sawa. Alipofika kiunoni, mwalimu akavuta tumbo ndani.

Miaka thelathini ya cherehani, hakuna kilichomkera kama mteja mvuta tumbo. Wiki ya pili anarudi na gauni limepasuka, lawama zote kwa fundi.

"Hapana!" akafoka kwa ile lugha ya pili, hadi kioo cha dirisha kikatetemeka. "Wewe tumbo rudisha! Pumua! Mimi uongo sitaki!"

Mwalimu akaliachia tumbo. "Nimelirudisha," akajibu kwa lugha ileile. "Uongo hutaki. Na mikono, iwe na urefu gani?"

"Mirefu. Baridi inakuja. Na vifungo, mimi weka vitatu, hapa, hapa..."

Dereva wa lori akaiinua skafu kwa vidole viwili. "Bibi wee, na koo je?"

Bibi Fundi akapeleka mkono shingoni. Hapakuwa na skafu, wala futi.

"Linauma asubuhi tu," akanong'ona.

Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa tatu na nusu asubuhi.