Arobaini Hizi Si Zile

...inamisha kichwa, nimesema, hasukwi mtu anayetazama dari, mjukuu wangu huyu kakaa chini katikati ya magoti yangu, kompyuta mapajani, simu juu ya stuli, na mkuu wake wa idara ya afya anabwata humo kana kwamba sote viziwi, jedwali limechafuka, binti, jina la kata limejirudia kila mstari, unganisha hivyo visanduku liandikwe mara moja, na hapo kasema kweli, hata mimi niliyeishia darasa la pili naona, ukiita watoto wa nyumba moja waje kula hutaji jina la baba yao kwa kila mmoja, utapoa ugali, uchoke na mdomo... akabofya, majina yakamezana, likabaki moja limekaa katikati kama bwana harusi, mkuu akasema eeh, sasa hilo ndilo jedwali, nami kichwa kikavimba, nimemlea mimi huyu, mama yake aliniachia hajaota hata meno, kikohozi chake nimekikeshea mimi, tulia basi, mbona umeganda, "Bosi, subiri kidogo, mashine imeunganisha na idadi pia," idadi gani tena, nanyoosha shingo, kumbe mtaa wa machinjioni una wanaonyonyesha arobaini, wa kiwanda cha sabuni nao arobaini, imeona zinafanana imezifanya moja, kama mapacha waliovishwa gauni moja, "Mgao wa vyandarua unafuata hili jedwali, bosi, mtaa mmoja utabaki bila idadi, utaambiwa haumo," na machinjioni si ndiko aliko mke wa kaka yake, kajifungua juzi, mbu wa kule wakubwa kama kunguru, "Acha hivyo hivyo, limependeza, wakubwa wanalisubiri," naye, "Samahani, bosi, siwezi kulituma hivi," siwezi! anamwambia nani, mkataba wenyewe bado wa majaribio, kazi tumeipata kwa mbinde, nimfinye sikio, nyamaza mwanangu, sema ndiyo, vidole vyangu vimeshafika sikioni... sikio lile lile, alikuwa mdogo hivi, nimewapakulia yeye na binamu yake sahani moja maana niliona matumbo yanalingana, yule mwenzake anakula kama anafukuzwa, huyu hakulia, alikwenda jikoni akarudi na bakuli lake, akasimama mbele yangu, bibi, tumbo langu na lake ni mawili, nikacheka mpaka mwiko ukaanguka, nikampakulia, ningefanyaje, na leo amesimama pale pale na bakuli lile lile, ila amekaa, "Jina la kata ni moja, bosi, liandikwe mara moja, lakini arobaini hizi si zile, ni watu wengine kabisa," sauti haitetemeki, ya kwangu ingetetemeka, bosi anapumua tu simuni, sijui atamfukuza, sijui atakubali, akimfukuza atakula hapa, chungu hakijatoboka... kidole kinatoka sikioni, kinarudi kwenye nywele, msuko ni ule ule sijaumaliza, na huyu kichwa kakiinua kabisa, kaharibu mstari, umekwenda upogo kama njia ya mbuzi, nilikuwa niseme inamisha, mdomo umeshafunguka, naufunga, nasuka hivyo hivyo kichwa kikiwa juu, na atakayeuliza nani kamsuka upogo namna hii, ni mimi.