Netiweki ya Jioni

"Bati lako ndilo linalokula netiweki yangu, Shida! Usinitolee macho."

"Kwani bati lina meno? Sema tu roho inakuuma, mwenzio kaachana na nyasi."

Majirani walishajaa uani. Milembe alisimama kwenye ua wa minyaa uliotenganisha mji wake na wa Shida, simu mkononi, hana habari na watazamaji. Binti yake Jenifer yuko Mwanza, mimba ya kwanza, siku yoyote anajifungua, naye nafasi ya kupiga huipata jioni tu. Mnara ulipofika Bariadi walikuwa wakiongea vizuri. Tangu Shida auze pamba na kuezeka bati, ikifika jioni simu ni bubu.

"Basi muulizeni huyu," mtu akasema.

Huyu alikuwa Lukresia, mtafiti kutoka chuo kikuu Dar, anayezunguka na gari kupima netiweki inafika wapi. Aliwaamkia, akasimamisha antena yake, akaiunganisha na kompyuta. Milembe akasogea hadi pumzi yake ikagonga kioo.

"Hapa kwako imejaa, mama. Safi kabisa."

Shida akapiga kigelegele. "Mmesikia? Bati langu halina kesi!"

"Sasa hivi ni saa nane," Milembe akasema. "Jioni je?"

"Jioni huwa tumesharudi mjini. Dereva hapendi giza."

"Na huko Maswa mlikotoka?"

"Huko pia tulipima mcha..." Lukresia akafunua kurasa za kompyuta, moja baada ya nyingine. "Ndiyo maana! Namba zangu nzuri kila mahali, malalamiko hayaishi. Nina vipimo vya mchana tu humu."

"Kwa hiyo jioni inaliwa na nani?"

"Labda watu wote wanapiga kwa pamoja, mnara unazidiwa. Labda bati kweli. Sijui, mayu," Lukresia akasema, akimwita mama kwa Kisukuma. " Nikiondoka sasa nitaandika kwamba hapa hakuna tatizo."

Milembe akaitazama simu yake. Akiandika hivyo, nani atakuja tena kuutazama mnara? "Usiondoke," akasema, sauti imemshuka. "Mwanangu atapiga. Kaa uone mwenyewe."

Dereva akapiga honi.

"Zima gari, baba!" Shida akafoka. "Mgeni anabaki mpaka jioni. Mashine ataiweka dirishani kwangu, tujue moja." Akamshika Lukresia mkono, akimwambia ugali umeiva, maziwa ya mgando yapo. Mlangoni akageuka. Milembe alikuwa bado kwenye minyaa, anakunja kanga yake.

"Na wewe mayu, unasubiri kadi ya mwaliko? Njoo na hiyo simu yako. Ingia tule."