Kura ya Heru Juu

Daktari Immakulata alifundisha siasa chuo kikuu, Dar es Salaam, na ujana wake wote ulimwishia kwenye swali moja: watu waamue vipi mambo yao bila kumburuza mtu? Aliandika, akasifiwa, akaalikwa huku na huko. Haya, baba yake akafariki, akarudi kijijini Heru Juu, na swali lile likamkuta nyumbani kwao.

Matanga yalipokwisha, ukoo ulikaa kuamua habari ya shamba. Leonidasi, mdogo wa marehemu, alitaka limrudie yeye, mjane ahamie Kibondo kwa kaka yake. Mjane mwenyewe, mama yake Immakulata, alitaka jambo moja tu: azeekee hapohapo, karibu na kaburi la mumewe. Na kwa desturi yao kikao hakifungwi mpaka wote wakubali. Mmoja akikataa, watu wanakwenda kulala, wanarudi kesho. Basi mama alikaa mkekani, kila akiulizwa anasema, "Sijakubali." Wakarudi kesho yake, na kesho yake tena, mama ni yuleyule.

Aliyechoka ni msomi. Aliwatazama shangazi zake, wajane kama mama, akapiga hesabu kichwani, akaona wote wako upande wa mama.

"Tupige kura," alisema. "Walio wengi wakisema, yaishe."

Mama alimwangalia, akaitikia kwa kichwa. Mtoto amesoma, anajua anachofanya.

Masikini, hesabu za darasani hizo. Shangazi wale nao walilima kwa ruhusa ya Leonidasi, na hilo Immakulata hakuwahi kuliuliza. Wakati wa kunyoosha mikono ulipofika, walimnyooshea Leonidasi, macho yao chini.

"Baba mdogo, turudi kwenye desturi," Immakulata aliomba.

"Hapana, Daktari," Leonidasi alijibu kwa upole. "Wewe ndiye uliyetaka yaishe. Basi yameisha."

Siku ya kuondoka, Immakulata alimpakilia mama yake mizigo kwenye gari la Kibondo huku analia, wala hakujificha. Aliomba radhi, akaomba tena. Mama alimfuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Sikukasirikii," alisema. "Ila walikuwa hawaniwezi, mwanangu. Ningekataa mpaka nife, na ningefia kwangu."