Chupa Iliyowekwa Upande wa Mawe

Mkate wa mwisho ulipotoka tanurini, mwokaji aliketi juu ya gunia la unga kupumzisha miguu, akatupa jicho kwenye ndoo ya chachu. Ndoo ilikuwa tupu. Aliitazama kama mtu anayerudia kusoma barua mbaya.

Kila alfajiri kwa miaka thelathini na mmoja, kabla ya kutia chumvi, alikata donge la ukubwa wa ngumi na kulirudisha ndooni. Alililisha unga na maji ya vuguvugu, na kesho yake donge hilo ndilo lililoumua mikate yote. Leo, kwa uchovu, hakukata. Alikanda chachu yote, akaigawa, akaioka. Mikate ilikuwa imepangwa mezani, mizuri kwa macho, na ndani yake chachu imekufa kwa moto.

"Si tutumie hamira ya paketi tu, mzee," alisema msimamizi wa duka la mikate, aliyekuja kuhesabu mikate. "Usijitese."

"Mkate wa paketi haunihitaji mimi."

"Basi labda umefika wakati wa kupumzika." Alilisema kwa upole, na huo upole ndio uliouma. "Kesho alfajiri nikiikuta ndoo tupu, nafungua paketi."

Mwokaji alikuwa anavua aproni alipoikumbuka chupa ya mjukuu wake.

Siku nne zilizopita, binti huyo aliagizwa apeleke darasani kitu chenye uhai kutoka nyumbani. Katika vyumba vyao viwili hapakuwa na paka wala ua, basi babu yake akamtilia vijiko viwili vya chachu kwenye chupa na kuifunika kwa kitambaa. Jioni mtoto alirudi kainamisha shingo.

"Mwalimu ameiweka upande wa mawe. Anasema haiendi, haili, haina uhai."

"Mwalimu kasoma," babu alimjibu, viatu bado miguuni, akalala. Jibu hilo sasa lilimrudi kama mfupa kooni.

Alitia konzi mbili za unga ndani ya karatasi, akashika njia ya shule. Miguu ilimwambia alale, naye akaiambia ingoje.

Darasani palikuwa na meza mbili. Juu ya moja palikuwa na konokono ndani ya kopo, mche wa maharage na panzi mmoja aliyekwisha kukata tamaa. Juu ya nyingine palikuwa na mawe, kijiko, kufuli, saa mbovu, na chupa. Chachu ilikuwa imelala chini kabisa, maji ya kijivu yamejikusanya juu yake.

"Samahani, mzee," alisema mwalimu, dada mwenye chaki mpaka kwenye nyusi. "Nilidhani ni uji uliochacha."

"Hata mimi ningedhani."

"Kwa hiyo iko hai?"

"Sijui, Mwalimu. Siku nne haijala. Ndiyo maana nimekuja."

Alimwaga maji yale ya kijivu. Mwalimu akampa maji ya moto kutoka kwenye chupa yake ya chai. Mzee akayapoza kwa ya bombani, akayapima kwa ngozi ya kifundo cha mkono kama mtu anayepima maziwa ya mtoto mchanga. Akakoroga unga, akafunga uzi kuizunguka chupa pale chachu ilipofika, akaiweka dirishani penye jua.

"Ikiuvuka uzi, iko hai," aliwaambia watoto.

"Isipouvuka?"

"Nitakwenda nyumbani."

Mjukuu wake alijua maana ya kwenda nyumbani: kuacha kazi ya kuoka. Alisogea karibu na dirisha.

Mzee alipewa kiti cha watoto. Alikaa magoti yakiwa karibu na kidevu, na kabla mwalimu hajamaliza kufuta ubao usingizi ulikwishamchukua.

"Babu haendi," alinong'ona mmoja. "Apelekwe upande wa mawe."

"Anapumua. Sikia hiyo pua."

"Hata saa ile ilikuwa inalia kabla haijaharibika."

Mwalimu alitaka kukemea, kisha akaiweka chaki chini. "Haya. Saa ilikuwa inalia na mishale yake inakwenda. Ilikuwa hai?"

"Ilikula betri," mmoja alijaribu.

"Ikala, ikakua?"

"Hapana."

"Ikazaa visaa?"

Darasa likacheka. Wakaanza kubishana juu ya kufuli, juu ya moto, juu ya gari linalokunywa mafuta na kutoa moshi lakini halijawahi kuzaa gari dogo. Mjukuu hakubishana. Macho yake yalikuwa kwenye uzi. Saa ya kwanza ilipita, na ya pili. Chachu ilikuwa pale pale.

Kengele ya mchana ilipokaribia, alimgusa babu yake begani.

"Babu. Imeuvuka."

Alifumbua macho taratibu. Chachu ilikuwa juu ya uzi kwa upana wa kidole. Mapovu yalisukuma kioo kutoka ndani, na moja likapasuka polepole mbele ya macho yake. Alisogeza pua, akanusa, akatikisa kichwa kukubali. Hakutabasamu, uso ulikuwa umechoka mno kwa kazi hiyo.

Mwalimu alinyanyua chupa kuipeleka kwenye meza ya konokono. Mzee akanyoosha mkono.

"Niwie radhi, Mwalimu. Inarudi kazini." Akachota kijiko kimoja, akakitia kwenye kikombe. "Hii ni yenu. Muilishe kila siku. Mkisahau, itakufa."

"Na jiwe?" aliuliza yule aliyetaka kumpeleka kwenye mawe.

"Jiwe unaweza kulisahau mpaka utakapoota mvi."

Aliificha chupa ndani ya koti, karibu na tumbo, isipigwe na upepo. Mjukuu akamshika mkono mwingine.

"Babu, sasa unakwenda kulala?"

"Kwanza ndoo," alisema. "Jioni ilishwe tena. Na alfajiri nikate donge kabla ya chumvi."

"Nitakukumbusha."

"Nikumbushe," alisema, na safari hii hakuona haya kuomba.