Mara Mbili, Angalia Nyuma

Fundi cherehani alipoinunua ile baiskeli ya umeme alijua anachokitaka: kumpandisha mumewe kilimani, kwenye kliniki ya mazoezi ya viungo. Kiharusi kilikuwa kimemchukua mzee mguu na mkono wa kulia, na karibu maneno yote. Majirani walikuwa wakimbeba mgongoni, mpaka siku moja akakataa katakata kutoka nje. Mtu aliyefundisha nusu ya mtaa kuendesha magari, leo abebwe kama gunia? Na daktari alishasema, miezi ya mwanzo ikipita bila mazoezi, mguu ndio umekwenda na maji.

Kwa hiyo mama wa watu akachagua yenye mota ya nguvu haswa, na kiti cha nyuma chenye egemeo na mkanda. Kumbe amejitafutia kazi! Karani wa usajili aliisoma karatasi ya mota, akamwambia kwa upole kwamba kisheria hiyo ni pikipiki: inataka namba, bima, na dereva mwenye leseni. Au mota ipunguzwe nguvu ipigwe lakiri isifunguliwe tena, ibaki baiskeli, ila baiskeli hairuhusiwi kubeba mtu mzima. Sheria nayo ina mambo yake.

"Nina miaka hamsini na tisa," fundi alisema. "Leseni naitolea wapi mimi?"

Akarudi nyumbani, akaifunika baiskeli kwa kitambaa kando ya cherehani, akaketi akalia bila kujificha. Mumewe alimtazama weee, kisha akaukunja mkono wake mzima akagonga meza. Mara moja. Fundi akainua kichwa. Aliijua ile ishara, alikuwa akimtania nayo miaka yote ya ndoa: ndivyo mzee alivyofundisha wanafunzi wake garini, akigonga mara moja, breki; mara mbili, angalia nyuma.

Wakaanza mafunzo hapo hapo. Kigoda cha cherehani kikawa kiti, mpini wa ufagio ukawa usukani. Mzee akigonga, fundi anabana au anageuza shingo. Akikosea, mzee analitoa neno moja ambalo ugonjwa ulimwachia likiwa zima: "Tena." Jamani, huyo mtu alikuwa mkali! Fundi alimwambia wazi kwamba angejua, asingekubali kuolewa naye tangu mwanzo. Mzee akagonga mara mbili.

Mtihani wa kwanza wa leseni alifeli. Alikata kona bila kuangalia nyuma, na mtahini akafunga daftari. Alipomsimulia mumewe, mzee alicheka mpaka akapaliwa, kicheko cha kwanza tangu augue. Fundi naye akacheka, ingawa moyo ulikuwa umemuuma. Mara ya pili, kila kona aliisikia meza ikigongwa kichwani mwake, akafaulu.

Siku ya kwanza kilimani, namba imefungwa nyuma na kofia ngumu ziko vichwani, mota ilivuta bila kulalamika. Katikati ya mlima fundi akahisi begani: mara mbili.

Akapunguza mwendo, akageuka. Barabara ilikuwa tupu.

"Hakuna gari, mume wangu."

Mzee alikuwa anamtazama yeye, machozi yakimshuka, mdomo ukicheka upande mmoja. Akamgonga tena bega, mara mbili, taratibu.

"Tena," akasema.

Fundi akasimama kando ya barabara, akageuka tena.