Ukwaju Kwenye Hori

Ng'ombe wao Kahawa alianguka saa tatu asubuhi, mbele ya hori, na mguu wake wa mbele ukakatika kwa sauti ya kuni kavu. Hakukanyaga shimo wala hakuteleza. Alikuwa anageuka tu afuate pumba.

Demetria alikuwa ndo anafungua mdomo aseme tumpigie simu daktari, na mwanawe Rogers keshachomoa panga kwenye paa la banda. Pigo la kwanza likachana ngozi tu. Ng'ombe akatoa mlio ambao Demetria hakuwahi kuusikia kwa mnyama wala kwa mtu. Rogers akapiga tena, akapiga tena, kama anayekata mti aliogombana nao, mpaka damu ikamrukia mama yake kwenye kanga na kwenye shavu.

"Huyu wa pili," Rogers akasema huku anahema. "Kuna mtu anatumalizia ng'ombe, mama. Nikimkamata, namfanya hivi hivi."

Demetria akashika nguzo ya banda. Alikuwa anamjua kila mtu anayeingia kwenye banda lile. Ukimtoa Rogers, mwingine aliyekuwa akiingia, alimwingiza yeye mwenyewe.

Ng'ombe wanne waliachwa na marehemu mumewe, Revelian, aliyeitoa familia Muleba akaileta Kimbiji kwa sababu ya ardhi. Rogers alikuwa mchapa kazi, hilo hakuna wa kumnyima. Alikuwa akikamua alfajiri, akifunga madumu kwenye pikipiki, akipeleka maziwa Kibada. Ila miaka miwili nyuma muuzaji mmoja kule Manzese alimwambia kwamba ng'ombe akipewa magadi anakunywa maji mengi, na akinywa maji mengi anatoa maziwa mengi. Rogers akarudi na gunia zima. Kila jioni akawa anakoroga bakuli moja kwenye pipa la kunyweshea. Nani aogope magadi? Si ndo haya haya tunayotia kwenye makande yaive upesi? Maziwa yakaongezeka kweli wiki chache za mwanzo. Bakuli moja likawa mawili.

Baadaye meno ya ng'ombe yakaanza kuwa na michirizi ya kahawia, yakalika kama chaki. Wakawa wanatafuna na kutema. Miguu ikaota vinundu, wakawa wanachechemea kama vikongwe.

Daktari wa mifugo, dada mmoja wa Kinyakyusa anaitwa Tusajigwe, aliwafunua midomo mmoja mmoja, akaliangalia pipa, akaliangalia gunia.

"Mama, hii ni floridi. Magadi mengine yamejaa floridi. Mnawanywesha sumu kidogo kidogo kwa bakuli lenu wenyewe."

Akasema magadi yamwagwe leo hii. Akasema ukwaju uloweshwe, uchanganywe na unga wa majani makavu ya mlonge, uwekwe kwenye pumba kila asubuhi. "Meno hayarudi, nisikudanganye. Na mfupa ulioharibika ndo umeharibika. Lakini ukwaju unausaidia mwili kuitoa floridi kwa mkojo, na mlonge una madini ya mifupa. Mkiwahi, watasimama."

Rogers alicheka mpaka akajipiga paja. "Dokta, ng'ombe anywe juisi ya ukwaju? Na barafu je? Nimwekee na mrija?"

"Weka unachotaka, braza, ila magadi acha."

Kicheko kikakatika hapo. Na jioni, Demetria aliporudia maneno yale ya daktari, mwanawe alimkaba shingo akambana ukutani. "Kwa hiyo mie ndo nawaua? Sema! Mie ndo nawaua ng'ombe wa baba?" Alipomwachia, alitoka nje akalia kama mtoto. Kesho yake majirani walipouliza ile alama shingoni, Demetria alisema kamba ya nguo.

Ndo siku ile alipoanza kumzunguka mwanawe badala ya kumkabili.

Alikwenda kwa jirani, Twaha, baba yake Najma, mtu wa palepale Kimbiji tangu mababu, mwenye mkwaju mkubwa uani na ua mzima wa milonge. Twaha alimsikiliza, akakuna ndevu.

"Ukwaju nitapanda nikuangushie, Mama Rogers, na kuulowesha nitaulowesha. Lakini kwa nini nipite kwenye uwazi wa ua kama mwizi wa kuku? Mwambie mwanao."

"Nitamwambia, Baba Najma. Wakipata nafuu kidogo tu, nitamwambia."

"Haya. Mie huyo mwanao nimembeba mgongoni. Ila ananiogopeshaga siku hizi."

Basi kila asubuhi pikipiki ikishaondoka na maziwa, Twaha alipita na ndoo, akamimina kwenye hori. Asubuhi ukwaju, jioni magadi ya Rogers, vinagombana ndani ya tumbo la ng'ombe yule yule. Mmoja akafa. Kisha Kahawa akavunjika mguu.

Na siku ile ya Kahawa, Demetria alisema moyoni: leo nakwenda kumwambia Twaha asije kesho. Akaanza kuosha damu. Akaja mteja wa nyama, akaja mwingine. Jua likazama. Nitakwenda alfajiri, akasema. Nyie mnaosema nitakwenda, nitasema, ngoja kwanza atulie, someni vizuri kilichofuata.

Asubuhi pikipiki iliondoka kama kawaida. Demetria alikuwa jikoni anachochea moto alipoona kupitia dirishani kwamba Rogers anarudi kwa miguu, pikipiki kaiacha barabarani, nondo mkononi. Na Twaha kainama horini, ndoo imeinuka, rojo la kahawia linashuka.

Nondo ikamkuta kwenye kiwiko. Ndoo ikaanguka.

"Sumu gani hiyo? Sumu gani unawapa?"

"Ukwaju! Rogers, mwanangu, ukwaju huu!" Twaha akapeleka mkono mzima kwenye kile kilichobaki ndooni. "Nakunywa mbele yako, tazama..."

Rogers akaipiga ndoo teke ikaruka. "Tazama nini? Mchawi mkubwa! Na shikamoo nilikuwa nakupa!" Nondo ikashuka tena kwenye mkono ule ule uliopigwa, na safari hii Demetria akausikia mlio. Ule ule wa jana. Kuni kavu.

Watu wakajaa. "Ndo huyo mwenye sumu!" "Mkono wenyewe huo huo, uvunje!" Mmoja keshaokota tofali, anatafuta pa kulitupia.

Demetria alikuwa kasimama mlangoni mwa jiko. Neno moja tu lilihitajika, nimemtuma mie, nalo lilikuwa limemkaa kooni pale pale palipokabwa. Twaha, uso umejaa damu na ukwaju, akamtazama. Hakumtaja. Angeweza kumtaja na hakumtaja. Nondo ikashuka mbavuni. Ikashuka tena. Tofali likatupwa, likampata mgongoni, akalala kifudifudi kwenye samadi. Rogers akaitupa nondo chini akaenda kuchomoa panga kwenye paa.

Panga ndilo lililomsukuma mama. Alikimbia, akaingiza uso kwenye hori, akala lile rojo kwa mikono miwili, pumba na mate ya ng'ombe humo humo, akageuka kidevu kinachuruzika.

"Nimemtuma mie! Mie, Rogers! Ni dawa, daktari kasema! Kinachowaua ni magadi yako!"

Panga halikusimama hewani. Liligeuka ubapa tu mkononi mwa Rogers, likashuka begani kwa mama yake, na bega likatoka.

Hapo wale wale waliokuwa wanamshangilia wakamvaa. Kumpiga jirani waliona haki. Kumpiga mama, hapana. Wakampiga Rogers kwa fimbo, kwa mawe, kwa nondo yake mwenyewe, na Demetria akatambaa kwa mkono mmoja akamlalia mwanawe, akisema mwacheni, mwacheni, na mateke mawili matatu yakampata yeye. Mgambo walipofika walishindwa kujua wamfunge nani na wambebe nani.

Twaha hakufa. Mkono wake wa kulia umevunjika mahali patatu na hauinuki kupita kifua. Rogers yuko mahabusu, meno mawili hana. Ng'ombe wawili waliobaki hawapewi tena magadi. Mmoja wao, Sista, yule mweusi, juzi alisimama bila kusukumwa.

Wiki ya tatu Demetria alikwenda kwa Twaha, bega limefungwa, akapiga hodi. Mkewe Twaha, Najat, akafungua mlango nusu.

"Nimekuja kuomba radhi, Mama Najma."

"Radhi umeomba jana na juzi. Leo umekuja na ndoo."

Demetria akatazama chini. "Ukwaju umeisha. Wakikosa, watarudi kule kule."

"Mpandaji wetu ndo yule kalala." Najat akanyoosha kidole uani. "Mti ule pale. Panda mwenyewe."

Demetria akavua viatu. Akakunja kanga akaifunga kiunoni, akashika tawi la kwanza kwa mkono mzima, lile bega jingine linapiga kelele. Akateleza, gome likamchuna goti, akashika tena. Najat alisimama mlangoni, hakusogea kumsaidia.

Alipofika kwenye panda ya kwanza, ikatoka sauti ya Twaha dirishani, nyembamba, ya mtu anayevuta pumzi kwa mbavu mbovu.

"Mama Rogers. Tawi la kushoto usilikanyage. Limeoza."

Demetria akarudisha mguu.